Mjomba, diski imegoma na mama wa bibi harusi anaulizia CD yake

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 27, napiga video za harusi hapa Tanga. Nina kamera mbili na droni ya kuazima. Kazi zangu zote naziweka kwenye eksteno moja ya terabaiti 1 niliyoinunua miaka mitatu iliyopita. Jumapili ya wiki iliyopita nilirudi usiku kutoka Pangani, harusi ya siku mbili, nikaha Jumamosi na walima Jumapili. Sikulala. Nilikaa kwenye kompyuta ya mezani, nikachomeka kadi za kamera na kuanza kuhamishia vipande vyote kwenye eksteno. Kadi ya kwanza iliisha salama. Ya pili ilipofika katikati, umeme ukakatika. Sina UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta.

Umeme uliporudi saa nane za usiku nikawasha. Kompyuta ilikaa kama dakika nzima inazunguka tu, kisha ikaniletea kiboksi kinachosema diski ya F lazima niifomati kabla ya kuitumia. Nikakataa. Nikachomoa, nikachomeka tena, labda mara kumi, jibu ni lile lile.

Nimeipeleka kwa fundi Ngamiani. Alijaribu chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, ikamjibu kwamba haifanyi kazi kwenye diski za RAW. Akasema: "Tuifomati tu, mafaili tutayarudisha kwa programu, laki na nusu." Nikaogopa, nikaondoka nayo. Fundi wa pili anataka kuifungua abadilishe bodi. Rafiki yangu kaniambia niifunge kwenye nailoni niilaze kwenye friza usiku mmoja. Nailoni nimeshapata.

Ndani kuna harusi tatu. Mbili wenyewe nilishawakabidhi kwenye flashi, ya Pangani bado. Nimechukua advansi laki nne na nimeshainunulia lenzi. Mama wa bibi harusi ananitumia ujumbe kila asubuhi: "Mwanangu, CD yetu vipi?" Namjibu naihariri. Jumamosi hii nina harusi nyingine Chumbageni na sijui nitakwenda na moyo gani.

Taa ya diski inawaka na kupepesa. Naisikia inazunguka, haigongi. Nifanyeje, Mjomba?

Mpiga video, Tanga

Nimesahau: mwezi wa Ramadhani mtoto wa dada alivuta waya, ikadondoka kutoka mezani hadi kwenye mkeka, lakini iliendelea kufanya kazi vizuri tu.

*

Marahaba, mpwa wangu.

Hiyo nailoni mpe mama akafungie samaki. Habari ya friza ni ya zamani, na hata zamani ilikuwa bahati nasibu. Weka glasi ya maji baridi mezani hapo Tanga uone inavyotoka jasho. Diski itakayotoka kwenye friza itatoka jasho hilohilo, na litatua kwenye bodi na kwenye sahani zinazozunguka mara 90 kwa sekunde.

Sasa, kabla hatujaigusa diski, nijibu swali ambalo mafundi wote wawili hawakukuuliza: kadi za kamera ziko wapi?

Umeandika kwamba ulikuwa ukihamisha. Hukunakili. Kompyuta inapohamisha kutoka chombo kimoja kwenda kingine, hunakili kwanza, kisha hufuta kule ilikotoa. Lakini kufuta kwake ni kama kubandua jina kwenye mlango wa chumba cha kupanga. Jina limetoka, mpangaji bado yumo ndani na mizigo yake, na atabaki humo mpaka aje mpangaji mwingine amtoe. Video za kadi ya kwanza, kama hujaipigia tena, kwa kiasi kikubwa bado zimo. Ile ya pili iliyokatwa katikati huenda ina vipande vingine vyenye majina yake kabisa.

Na Jumamosi una harusi Chumbageni. Unaona hatari ilipo? Ukienda na kadi hizohizo, dakika ya kwanza utakayobonyeza kitufe chekundu ndiyo utakuwa unamtoa mpangaji. Chukua kadi zote mbili leo. Pembeni kushoto mwa kadi ya SD, ukiitazama lebo, kuna kiswichi kidogo kama ukucha wa mtoto. Kisukume kuelekea upande wa kufunga, kisha tia kadi kwenye bahasha uandike juu yake PANGANI. Kwa ajili ya Jumamosi nunua au azima nyingine. Na mwenye droni mpigie sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma, umwombe asiirushe kwa kadi ile. Kadi ya droni ni ile ndogo isiyo na kiswichi, na huenda keshaiahidi kwa mtu mwingine.

Kuzirudisha video kutoka kwenye kadi utatumia PhotoRec. Ni programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier, huja pamoja na ndugu yake TestDisk. PhotoRec haijali majina wala folda. Inapita sekta kwa sekta, yaani kijisehemu kwa kijisehemu cha hifadhi, ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Utapata rundo la video zenye majina ya herufi moja na tarakimu nyingi, utakaa na chai uzipange mwenyewe. Sharti ni moja: ikikuuliza ihifadhi wapi, usiielekeze kwenye kadi ileile. Ihifadhi kwenye kompyuta.

Inawezekana ukaipata Pangani nzima kwa njia hiyo na diski tukawa tunaihangaikia kwa ajili ya zile harusi mbili tu, ambazo wenyewe wanazo kwenye flashi. Hizo nazo kaziombe unakili. Hakuna aibu kumwambia mteja "naomba nichukue nakala".

Haya, diski yenyewe.

Barua yako ni ndefu na nzuri, ila neno lenye uzito umelitupa chini ya sahihi. Watu wote wananiandikia hivyo. Ukurasa mzima ni umeme umeme, halafu mwishoni: nimesahau, ilidondoka. Mpwa, diski iliyodondoka ikiwa imezimwa ina nafuu, kwa sababu vichwa vyake vya kusomea vinakuwa vimeegeshwa pembeni. Iliyodondoka ikiwa inafanya kazi ni habari nyingine. Wakati huo vichwa vinaelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, na unywele mmoja wa kichwani kwako una unene wa nanomita 80,000 hivi. Mtoto alivuta waya, maana yake ilikuwa imechomekwa. Mkeka ulisaidia, sikatai. Lakini inawezekana kuna eneo la sahani lililochubuka siku ile, likawa linakungoja.

Kwa hiyo nina washukiwa wawili, na dawa zao hazifanani. Wa kwanza ni umeme. Diski ilikuwa inaandika, na Windows hutunza orodha kubwa ya nini kipo wapi. Ikikatwa katikati ya kuandika, au ukurasa wa kwanza wa orodha ukiharibika, kompyuta inafungua daftari na kukuta matope. Hapo ndipo inaposema RAW. RAW si jina la ugonjwa. Ni Windows inakiri kwamba imeona diski ila haielewi iliyoandikwa ndani, na kwa kuwa haina busara inakupendekezea ifute daftari zima ianze upya. Mshukiwa wa pili ni sekta mbovu, zile zilizochubuka. Ile dakika nzima ya kuzunguka kabla ya kiboksi ndiyo inayonitia wasiwasi. Diski yenye daftari chafu tu mara nyingi hujibu haraka. Inayokawia hivyo mara nyingi inasoma mahali palepale mara mia ikishindwa.

Kuwatenganisha washukiwa ni kazi ya robo saa. Anza na waya, kwa sababu waya ni wa bei rahisi na hewa ya bahari hapo kwenu inakula shaba. Azima mwingine, mfupi, wa kichwa kipana kama huohuo wako. Chomeka nyuma ya kompyuta ya mezani, si mbele, maana tundu za mbele hupitia kawaya kembamba ndani ya kasha. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, la 3.0 miliampea 900, na diski inapoanza kuzunguka ndipo inapokula zaidi. Nimewahi kuona diski "iliyokufa" ikifufuka kwa kutolewa kwenye kigawanyio cha tundu nne. Kiboksi cha fomati kikija, kikatae.

Ukishaichomeka, bofya kulia kitufe cha kuanzia cha Windows, fungua Disk Management. Itafute diski yako kwenye safu ya chini. Ikionyesha GB 931 na neno RAW, vuta pumzi. Terabaiti 1 ya dukani ndiyo GB 931 ya Windows, hakuna aliyekuibia. Maana yake bodi inaongea, mota inazunguka na diski inajijua ukubwa wake. Ikionyesha sifuri, au inadai haijawahi kuandaliwa huku ukubwa hauonekani, chomoa uache hapohapo.

Halafu pakua CrystalDiskInfo, nayo ni ya bure. Hiyo haisomi mafaili yako, inasoma kitabu cha kliniki ambacho kila diski hujiandikia yenyewe. Usiridhike na rangi ya buluu pale juu. Shuka kwenye mistari uangalie mitatu tu: 05, C5 na C6. Wa 05 ni sekta ambazo diski ilishazizika na kuzibadilishia nyingine. C5 ni zile inazozishuku na bado hazijaamuliwa. C6 ni zilizoshindikana. Zote zikiwa sifuri, mshukiwa ni umeme. C5 ikiwa na namba yoyote, mkeka haukutosha. Angalizo dogo: programu hiyo kwa kawaida huandika namba kwa mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo 10 unayoiona ni 16.

Sasa niwaseme mafundi kidogo. Yule wa chkdsk alikuwa na bahati kwamba amri ilikataa. Chkdsk kazi yake ni kuupatanisha mfumo wa mafaili, si kuokoa video zako. Ikiona kisichoeleweka inakikata ili vingine vikae sawa. Halafu "tuifomati, tutarudisha". Kuna fomati ya haraka na fomati kamili, na tangu enzi za Windows Vista ile kamili huandika sifuri diski nzima mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo hakuna programu wala mganga. Hata ya haraka siiamini tena, kwa sababu diski nyingi za nje za siku hizi huandika njia zake zikipandana kama vigae vya paa, na baadhi yake zikiambiwa eneo fulani ni tupu huanza kulijibu kwa sifuri. Zamani ushauri ule ulipita. Leo mtu anaweza kukupotezea harusi tatu kwa kubofya mara moja, na bado akakudai nusu ya malipo kwa muda wake.

Na bodi? Miaka ya nyuma ulichukua bodi ya diski pacha, ukafunga skrubu, ikapanda. Siku hizi kwenye kila bodi kuna chipu yenye vipimo vya diski ile moja, vilivyopimwa kiwandani. Ukihamisha bodi bila kuhamisha chipu, umevalisha mtu miwani ya jirani. Na zaidi ya hapo, diski yako inazunguka na taa inapepesa. Bodi haijashtakiwa na mtu, ibadilishwe ya nini? Ama kufungua sahani zenyewe dukani, penye feni na vumbi la barabarani, hilo sitalijadili.

Dawa ninayokupa ni hii: nakili kwanza, na utakalotibu liwe nakala. Usijaribu programu ya kurudisha mafaili juu ya diski yenyewe, hata iwe ya bei gani, mpaka uwe na picha kamili ya sekta zake zote mahali pengine. Diski inayochechemea ina pumzi zake zimehesabika, na kila programu unayoijaribu inazitumia. Wewe umeshaichomeka mara kumi. Basi.

Utahitaji diski mpya ya terabaiti 2. Najua, advansi imekwenda kwenye lenzi. Azima. Isiwe ya terabaiti 1, kwa sababu picha peke yake itaimeza yote na hutakuwa na pa kutolea mafaili. Isiwe imefomatiwa FAT32, ambayo haiwezi kubeba faili linalozidi GB 4. NTFS au exFAT. Fanya kazi hii kwenye kompyuta mpakato, kwa sababu betri yake ndiyo UPS yako. Zima usingizi wake, na elekezea diski mgonjwa feni ndogo ya mezani.

Weka Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kwenye flashi, iwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, chagua kuijaribu bila kuisakinisha. Ukiwa na intaneti, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, washa hazina ya programu za Ubuntu iitwayo universe kama bado, kisha andika:

sudo apt install gddrescue testdisk

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL

Amri ya pili inakuonyesha diski zote na ukubwa wake. Tuseme mgonjwa ni sdb. Ingia kwa amri ya cd kwenye folda ya ile diski mpya, halafu iite ddrescue, programu itakayonakili:

sudo ddrescue -n /dev/sdb pangani.img pangani.map

Soma mara tatu kabla ya kubonyeza. Anayesomwa anatangulia, anayeandikwa anafuata. Ukigeuza, utakuwa umeamuru mgonjwa ndiye aandikwe juu. Mimi nina nywele nyeupe na bado hapo huwa nasogeza kidole kwenye skrini herufi kwa herufi kama mtoto wa chuoni.

Uzuri wa ddrescue ni tabia yake. Kunakili kwa kawaida kukikutana na sekta mbovu hukwama palepale, kunang'ang'ania, mpaka kichwa kinaumia. Hii huchuma kwanza embe za chini zinazofikika, inaruka tawi bovu, na kulirudia baadaye. Ile pangani.map ni ramani ya ilikofika. Umeme ukikatika, waya ukichomoka, ukichoka ukalala, unaandika amri ileile kwenye folda ileile na inaendelea ilipoishia. Ndiyo maana nataka ramani ikae kwenye diski mpya na si kwenye flashi ya Ubuntu, ambayo ukizima inasahau kila kitu.

Diski ikiwa nzima, kwa spidi ya MB 100 kwa sekunde utamaliza kwa saa tatu hivi. Kwenye tundu la USB 2.0 hesabu saa nane. Ikiwa na vidonda inaweza kuchukua siku mbili, na usiikimbize. Ikifika mwisho na bado kuna palipobaki, mpe duru nyingine:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb pangani.img pangani.map

Sikia diski wakati wote. Ikianza kugonga, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani, bonyeza Ctrl na C, chomoa, na usiichomeke tena hata kwa "mara moja tu". Hapo kazi imeshakuwa ya maabara yenye chumba kisafi, na bei yake inaumiza. Kabla ya kumpa mtu fedha muulize: unachukua picha kwanza? Usipopata mafaili unanitoza? Diski unaifungulia wapi? Akikuonyesha meza ya mbele ya duka, rudi nyumbani.

Ikienda salama, mweke mgonjwa kwenye sanduku lake umsahau. Andika testdisk pangani.img, chagua aina ya jedwali inayokupendekezea yenyewe, ingia Analyse, kisha Quick Search. Ikiiona partisheni, yaani mgao wa diski wenye mafaili yako, bonyeza P. Mara nyingi kwa kesi ya umeme folda zako zinatokea hapo na majina yake kama ulivyoziacha, na unazitoa kwa kuchagua na kubonyeza C kubwa. Kama hazitokei, kwenye Advanced kuna Boot. Mfumo wa NTFS hutunza nakala ya ukurasa wake wa kwanza mwishoni kabisa mwa partisheni, na TestDisk inaweza kuirudisha. Ukikosea umeharibu nakala, si mgonjwa. Vyote vikigoma, PhotoRec juu ya picha hiyo, majina yapotee video zibaki. Kipande kilichokuwa kikiandikwa umeme ulipokatika huenda kisifunguke. Hicho katafute kwenye kadi.

Nimebakiza mama wa bibi harusi. Hili hukuniuliza, ila ndilo linalokunyima usingizi.

Acha kumwandikia "naihariri". Kila asubuhi unayomwandikia hivyo, unaongeza deni. Na usimpigie simu. Panda gari uende Pangani, ukae, unywe utakachokaribishwa, umwambie: "Mama, umeme ulikata nikiwa nahifadhi kazi yenu, diski imeharibika, kadi za kamera nimezifungia, naendelea kuokoa, nitakuletea jibu siku fulani." Taja siku. Akikasirika, ana haki. Lakini kuna jambo utalipata kwake ambalo hutalipata kwa ddrescue: harusi ile ilikuwa na simu mia. Shangazi yupo aliyerekodi nikaha nzima kwa mkono unaotetemeka, dada yupo aliyesimama mbele ya kamera yako ukamlaani kimoyomoyo. Muombe mama akukusanyie. Waambie wakutumie kama faili au wakunakilie kwenye flashi, kwa sababu video ikipita WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa ubora.

Lenzi usiiuze bado.

Kwa Chumbageni: kadi mpya, na ukirudi unanakili, huhamishi. Kadi haifutwi mpaka kazi iwe imeonekana sehemu mbili kwa macho yako, yaani umefungua vipande na kuvitazama. Mpigapicha wa Marekani Peter Krogh aliieneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumba. Mimi najua hali ya mfuko wako, nakudai mbili tu kwa sasa. Ya tatu mteja anakuwekea mwenyewe ukimkabidhi flashi.

Usiku huu fanya mawili: kadi ziingie kwenye bahasha, mwenye droni apigiwe. Kesho badilisha waya, fungua CrystalDiskInfo, uniandikie namba za 05, C5 na C6 kama zilivyo, na jina la mfano wa diski lililochapwa nyuma yake. Kuna diski za nje ambazo tundu la USB limechomelewa kwenye bodi yenyewe na data zimefungwa kwa siri na chipu ya bodi hiyohiyo. Kama yako ni ya aina hiyo, nitakuambia nini usimruhusu fundi yeyote akifungue.